Kizimba Ndani ya Starlet ya Baba

Ipo sentensi moja ambayo karibu kila mwandishi wa habari nchini ameshaiandika, hata yule wa kurasa za burudani aliyewahi kubambikwa zamu ya usiku: “Dereva alishindwa kulimudu gari, likaacha njia na kupinduka.” Kamanda anaisema kwenye simu, wewe unaiandika, mhariri anaipitisha bila kuigusa. Kisarufi haina kasoro. Ina mtenda, ina vitenzi vyake, ina mwanzo na mwisho. Kinachokosekana ni watu waliomo ndani. Kati ya “likaacha njia” na “kupinduka” kuna sekunde mbili tatu ambazo gazeti halina nafasi nazo, na ni katika sekunde hizo ndipo inapoamuliwa nani atatoka kwa miguu yake na nani atatolewa.

Mwaka jana nilitumia miezi saba kuzifikiria sekunde hizo, kwa sababu mdogo wangu alitaka kuingia kwenye mbio za magari, na gari alilonalo ni Starlet ya baba.

Kwanza nieleze paa ni nini. Gari dogo halina chasisi kama lori. Bodi lenyewe ndiyo mifupa yake: mabati membamba yaliyokunjwa na kuunganishwa, na paa limebebwa na nguzo za pembeni, mbili mbele penye kioo, mbili katikati kati ya milango, na mbili nyuma. Gari likilala juu chini, uzito wote pamoja na kasi yake hutua kwenye nguzo hizo. Za magari ya zamani ni nyembamba; zilitengenezwa ili dereva aone vizuri na gari liwe jepesi. Zikikunjika, paa hushuka. Mkanda unakushika kwenye siti kama inavyotakiwa, lakini paa linakufuata pale pale ulipo.

Baba alikuwa amefunga mkanda. Nilikuwa mwaka wa 2 chuo kikuu, mdogo wangu yuko darasa la 5. Alikuwa kwenye gari la kazini, barabara ya Morogoro, upande wa kushoto mbele. Gazeti liliandika ile sentensi. Sisemi zaidi ya hapo, ila kwamba Starlet ilibaki nyumbani imeegeshwa chini ya mwembe, na ufunguo ulining'inia kwenye msumari wa sebuleni kwa miaka mingi kabla ya mtu kuushika.

Aliyeushika ni mdogo wangu. Ni Starlet ya kizazi cha EP82, milango mitano, injini ya 4E yenye cc 1331. Ukiiona unaweza kuicheka, lakini fundi yeyote atakwambia kwa nini watu wa mbio wanaipenda: haifiki kilo 900, vipuri viko kila kona ya jiji, na injini yake inavumilia mateso. Kijana wetu aliifufua, akaanza kwenda kuangalia mashindano ya rali Morogoro na Iringa, akawa anarudi na vumbi mpaka kwenye kope. Siku moja akanifuata. “Dada,” akasema, “nataka kushindana. Na nataka wewe ndiye uwe navigeta wangu.”

Navigeta ni yule anayekaa pembeni ya dereva na kumsomea barabara kutoka kwenye daftari: kona ya kushoto, mteremko, daraja, kona ya kulia inayojifunga. Mdogo wangu alijenga hoja vizuri. Kazi yangu ni kuandika haraka na kusoma kwa sauti. Nina pumzi, na sitapiki ndani ya gari. Nikamwambia nitakubali kwa sharti moja, kwamba mimi ndiye nitakayesimamia kizimba.

Hapo tukagota kwenye neno. Mafundi wanasema “keji”, au kwa urefu “rolikeji”. Watu wa Pwani niliowauliza walisema tundu, kama la ndege. Mimi nikachagua kizimba, ingawa kizimba kinanikumbusha miaka niliyoandika habari za mahakama, pale mshtakiwa “anapopandishwa kizimbani”. Kuna kizimba cha kuku, cha samaki ziwani, na cha mtuhumiwa. Vyote kazi yake ni kumzuia aliye ndani asitoke. Hiki cha gari kinafanya kinyume chake: kinazuia cha nje kisiingie, paa lisishuke, mlango usisukumwe hadi kwenye mbavu, na dashibodi isije mapajani. Ukikielewa hivyo unaelewa pia kwamba thamani yake si chuma. Thamani ni ule uwazi unaobaki katikati, wenye ukubwa wa watu wawili waliokaa.

Chaguo la kwanza lilikuja lenyewe. Kijana mmoja alikuwa anauza kizimba cha kufunga kwa bolti, kilichotoka kwenye Starlet iliyokuja kutoka Uingereza. Kilikuwa kimepakwa rangi nyeupe na bei yake ilikuwa ya kirafiki. Mdogo wangu alishaanza kuhesabu hela. Tukaenda kukipima, na tatizo likaonekana ndani ya dakika 10: kilitoka kwenye gari la milango mitatu. Kwenye gari la milango mitatu, mlango ni mrefu, kwa hiyo nguzo ya katikati iko nyuma zaidi. Kwenye letu la milango mitano nguzo iko mbele. Upinde mkuu, yaani ule mkubwa unaopita kutoka upande mmoja wa gari hadi wa pili nyuma ya siti za mbele, ungekaa hewani mbali na nguzo, umeshikwa na sakafu tu. Zaidi ya hapo, hakuna aliyejua lile gari la kwanza lilipatwa na nini hadi kizimba chake kikauzwa peke yake. Chuma kilichokwisha kubeba ajali moja hakikuonyeshi kilichobaki ndani yake. Tukamshukuru kijana, tukaondoka.

Chaguo la pili lilikuwa fundi wa mageti mtaani kwetu. Ni jirani, shikamoo yake ina miaka 20, na madirisha yote ya nyumba yetu amechomelea yeye. Alikuja, akazunguka gari mara mbili, akasema kazi ni ya siku tatu. Mabomba angechukua yale ya maji, ya inchi moja na nusu. Kona angezikunja kwa kujaza mchanga ndani ya bomba na kulichoma moto hadi lilegee. Na viungo angevisugua kwa grainda viwe laini kama geti la ubalozi. Bei yake ilikuwa robo ya zote tulizosikia baadaye.

Namheshimu sana mzee yule, na sikuwa na namna ya kumwambia hapana bila kwanza kujua kwa nini. Kwa hiyo nikafanya ninachofanya kazini: nikatafuta kanuni na kuisoma mstari kwa mstari.

Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, lina kifungu cha 253 katika Kiambatisho J cha kanuni zake, na huko kizimba kimeelezwa kwa namna ambayo hata mtu wa lugha anaielewa. Kinaruhusu njia tatu: kutengeneza kwa kufuata michoro na vipimo vya kifungu chenyewe, au kutumia kizimba kilichoidhinishwa na chama cha taifa cha mchezo huo, au kilichoidhinishwa na FIA yenyewe. Kwa njia ya kwanza, bomba liwe la chuma cha kaboni, lisilo na mshono, lililovutwa likiwa baridi, lenye uwezo wa kuvumilia mvuto usiopungua megapaskali 350. Upinde mkuu uwe na kipenyo cha milimita 45 na unene wa 2.5, au 50 kwa 2.0. Mabomba mengine yawe 38 kwa 2.5, au 40 kwa 2.0. Kona zikunjwe baridi, na mzingo wake usipungue mara tatu ya kipenyo cha bomba. Kama bomba litabonyea kidogo kwenye kona na kuwa kama yai, upana wake mdogo usipungue asilimia 90 ya ule mkubwa.

Nikarudi kwa jirani na karatasi. Tulikaa kwenye kibao nje ya karakana yake, akanitaka nimsomee, nikamsomea. Aliposikia “bila mshono” akainuka, akaleta kipande cha bomba la maji, akaniambia, “Ingiza kidole, mwanangu.” Ndani kulikuwa na mstari uliotuna kuanzia mwanzo wa bomba hadi mwisho. “Hilo lilikuwa bati,” akasema. “Wamelikunja wakalifunga hapo. Maji hayana neno nalo. Lakini ukilipinda kwa nguvu, linaweza kukumbuka kwamba lilikuwa bati.”

Kisha akaendelea mwenyewe, bila mimi kuuliza. Kuchoma moto kunabadilisha chuma pale kwenye kona, mahali ambapo ndipo panapobeba mzigo. Na kusugua kiungo kwa grainda kunaondoa ile nyama ya kuchomelea iliyowekwa ili kishike. “Geti linauzwa kwa macho,” alisema. “Hili la kwenu litapimwa siku ambayo hakuna anayeangalia.” Akakataa kazi ambayo ilishakuwa mkononi mwake. Ndiye pia aliyetuelekeza kwa fundi mwingine, aliyewahi kufanya kazi kwenye karakana za magari ya rali Nairobi, ambaye sasa ana sehemu yake ndogo Vingunguti.

Nairobi haikutajwa kwa bahati. Mbio za Safari zilianza 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na katika miaka ya mwanzo njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Joginder Singh, aliyezishinda mara tatu, 1965, 1974 na 1976, alikuwa fundi kabla hajawa jina. Ujuzi wa kuandaa gari lihimili barabara zetu ulikusanyikia kule, na mashindano ya dunia yaliporudi Naivasha mwaka 2021 karakana zikapata tena kazi. Mabomba yetu tuliyaagiza huko, yenye cheti cha kiwanda, kwa sababu kukosa mstari ndani si ushahidi wa kutosha. Yapo mabomba yenye mshono ambayo mstari wake umeondolewa. Yakaja kwa lori. Gharama yake ilikula mishahara yangu miwili, na mdogo wangu akauza pikipiki yake.

Sasa nije kwenye jambo lililotugombanisha, maana tuligombana kweli.

Mdogo wangu alitaka gari lifanye kazi zote mbili. Wikiendi ya mashindano liwe la mbio, siku nyingine limpeleke mama kanisani na kubeba mizigo yake ya Kariakoo. “Keji ni usalama, dada. Tukiwa nayo kila siku si ndiyo tutakuwa salama zaidi?” Inasikika kama hoja ya mtu mwenye akili, na watu wengi wanaamini hivyo. Nimeona magari barabarani yenye mabomba ya rangi ndani, dereva amevaa kofia ya kawaida ya jua.

Ukweli ni kwamba kizimba bila helmeti ni hatari kuliko kutokuwa nacho. Bomba la chuma linapita sentimita chache kutoka kichwani. Katika ajali ndogo tu, ile ya mjini ambayo ungeshuka ukalaumiana na mwenye daladala, mwili husogea hata kama umefunga mkanda wa kawaida. Kichwa kitupu kinakutana na chuma. Ndiyo maana kila kipande kinachofikiwa na kichwa huviringishwa sponji maalumu, ngumu kuliko unavyotarajia, na hata hiyo sponji imetengenezwa kwa ajili ya kichwa chenye helmeti. Siti lazima iwe ile inayokukumbatia, na mkanda uwe wa ncha nyingi unaokubana mabega na nyonga. Kizimba, siti, mkanda na helmeti ni kitu kimoja chenye majina manne. Ukitoa kimoja, vilivyobaki vinaweza kukugeuka.

Kwa hiyo ilibidi kuchagua. Tukikifunga, Starlet haitambeba mama tena. Hakuna siti ya nyuma, kwa sababu mihimili inayotoka kwenye upinde mkuu hushuka nyuma hadi juu ya magurudumu, ikikata mahali ambapo mimi na mdogo wangu tulikuwa tunakaa tukienda shule. Mdogo wangu alinyamaza wiki nzima. Mimi pia. Ilikuwa gari la baba, na hakuna kati yetu aliyetaka kuwa mtu wa kusema sasa lisiwe la familia.

Aliyesema ni mama. Alitukuta tumekaa mezani kila mtu na simu yake. “Gari la baba yenu limekaa chini ya mwembe miaka, nikawa naliangalia kila asubuhi,” akasema. “Mimi nitapanda bajaji. Lakini hiyo siti ya nyuma msiitupe.”

Tulianza kuling'oa kwa mikono yetu wenyewe ili kupunguza gharama. Zulia, mifuniko ya milango, kitambaa cha paa, siti zote. Chini ya zulia kuna lami nyeusi iliyobandikwa ili kupunguza kelele. Tuliibandua kwa patasi siku mbili, maana ikipata moto wa kuchomelea inawaka na kutoa moshi wa sumu. Tulipofika kwenye kizingiti cha mlango wa kushoto tukakuta kutu. Kidole kilipita. Fundi akasema afadhali tumeiona sasa: kizimba hakiwezi kuwa imara kuliko sakafu iliyokishika. Akakata pale palipooza, akapachika bati jipya, na kazi ikarudi nyuma wiki mbili.

Sakafu ndiyo niliyojifunza kuiheshimu kuliko vyote. Bati lake ni jembamba, halifiki milimita moja. Ukisimamisha bomba juu yake moja kwa moja, siku ya kupinduka litatoboa na kutokea chini, kama mguu wa kitanda kwenye sakafu ya udongo mbichi. Ndiyo maana kanuni inadai kila mguu wa upinde mkuu ukae juu ya kipande cha chuma chenye unene usiopungua milimita 3 na eneo la sentimita za mraba 120, kilichochomelewa kwenye bodi, ili mzigo usambae. Kwa mihimili ya nyuma eneo linaweza kuwa nusu ya hapo. Ukiangalia karatasi, ni namba. Ukipiga magoti na tochi ndani ya gari lililo uchi, unaona ni swali la wapi uzito wenu utatua.

Kabla ya bomba la kwanza kukatwa, fundi alitukalisha. Hapo ndipo nilipomkubali. Aliweka siti mbili mahali pake, akatuvalisha helmeti, akatufunga mikanda, akapima kwa mkono wake: kichwa na mahali bomba litakapopita, goti na usukani, bega la mdogo wangu na nguzo. Mdogo wangu ni mrefu, siti yake inarudi nyuma, na kwenye gari la milango mitano upinde uko mbele, kwa hiyo nafasi ilikuwa finyu. Siti ikashushwa hadi ikakaribia sakafu. “Watu wanatengeneza keji halafu wanatafuta pa kukaa,” fundi alisema. “Mimi naanza na mtu.” Umbo la kila kona alilichukua kwanza kwa waya mnene, akalijaribisha ndani, akalirekebisha, ndipo akakunja bomba kwa mashine.

Upinde mkuu unatakiwa ukae karibu na paa kadiri inavyowezekana, lakini kiungo kinatakiwa kichomelewe kuzunguka bomba lote. Utafikishaje mkono juu ya bomba linalogusa paa? Fundi alikata matundu mawili sakafuni, pale pale vitakapokaa vile vipande vya chuma, akaushusha upinde mzima upite humo, nafasi ikapatikana juu, akachomelea viungo vya juu pande zote, kisha akaupandisha mahali pake na kuyaziba matundu kwa vipande vyenyewe. Betri ilishang'olewa, tangi la mafuta lilishashushwa, na kijana mmoja alisimama na mtungi wa kuzimia moto muda wote bila kuruhusiwa kushika simu. Kila aina ya kiungo aliijaribu kwanza kwenye mabaki, akakata kwa msumeno katikati, akatuonyesha kama moto umeingia hadi ndani au umepaka juu tu.

Ndani ya upinde mkuu uliingia mshazari, bomba linalokata kutoka kona ya juu hadi ya chini upande wa pili. Bila huo, umbo la mraba linaweza kulala ubavu kama boksi la karatasi ulilolisukuma. Pembetatu haina pa kulalia. Vyuma vya mlangoni vilivuka kwa umbo la msalaba, na tangu hapo kuingia ndani ya Starlet ni kama kuingia nyumbani kupitia dirishani: mguu, kiuno, kichwa, halafu unavuta mguu wa pili. Tuliporudia kutoka mara nyingi, fundi alitupimia muda kwa saa. Kizimba kinachokuokoa halafu kikakuzuia kutoka kwenye moto hakijamaliza kazi.

Ilitumika karibu mita 4 za bomba kubwa na 16 za bomba dogo. Mita moja ya lile kubwa ina kilo 2.6 hivi, ya dogo 2.2, kwa hiyo tuliongeza karibu kilo 46. Siti, zulia na lami tulivyotoa vilifidia sehemu kubwa.

Mama alikuja Vingunguti siku ambayo kizimba kilikuwa kimekamilika lakini hakijapakwa rangi. Alisalimiana na fundi, akakataa kiti, akashika bomba la juu ya mlango wa kushoto, upande wangu, upande wa baba. Akalitikisa. Kisha akaniuliza mimi, si fundi: “Hiki kingekuwepo kwenye lile gari, baba yenu angepona?”

Mdogo wangu aliniangalia akitaka niseme ndiyo. Ningeweza kusema. Lakini nimesoma mambo mengi kuhusu vizimba mwaka huo, na siyo yote ni ya kufariji. Mwezi Septemba 2005, kwenye mashindano ya dunia kule Wales, gari la Markko Märtin lilipiga mti upande wa navigeta. Lilikuwa na kizimba bora kilichokuwepo wakati ule. Märtin hakuumia, Michael Park, navigeta wake, alifariki. Februari 2011, Robert Kubica, dereva wa Formula 1, alikuwa kwenye rali ndogo Italia na Skoda Fabia, kigari kidogo cha umbo kama letu. Chuma cha ukingo wa barabara kilipenya kuanzia mbele hadi ndani, kikauharibu mkono na mguu wake wa kulia. Aliyekaa pembeni yake alitoka mzima. Kizimba kinapambana na paa linaloshuka na bodi linalojikunja. Kitu chembamba kinachopita kati ya mabomba, au mti unaokuja ubavuni, ni jambo jingine.

Nikamwambia mama: sijui, na hakuna anayeweza kujua. Paa lisingeshuka. Lakini baba hakuwa na helmeti, wala siti ya aina hii, na bomba hilo uliloshika lingekuwa karibu na kichwa chake. Kwenye gari la kazini, lenye watu wa kawaida, hiki si dawa. Dawa yao ni gari lenye nguzo imara na matairi yasiyo vipara, na dereva aliyelala usiku.

Mama alisikiliza hadi mwisho. Akauliza, “Na nyinyi mtakuwa na hizo helmeti?” Nikasema ndiyo. “Kila mara?” Kila mara, mama. Akaliachia bomba, akafuta mkono kwenye kanga, akamwambia fundi, “Asante kwa kuwapima kwanza.” Alikuwa amesikia habari hiyo kutoka kwa mdogo wangu, na kati ya yote tuliyomweleza kuhusu mabomba na milimita, ndiyo aliyoibeba.

Mkaguzi alikuja baadaye na kaliba yake, akapima vipenyo, akapapasa viungo kwa vidole, akalala chini kuangalia sakafu, akasoma cheti cha mabomba, akasaini. Tumeshafanya mazoezi mara nne kwenye shamba la mtu huko Bagamoyo. Nimejifunza kwamba barabara ikisomwa kwa sauti huwa fupi, na kwamba mdogo wangu akiniamini huongeza mwendo. Mashindano yetu ya kwanza ni mwezi ujao.

Kazini bado naandika habari za ajali. Juzi nilimpigia kamanda, akanipa sentensi ile ile. Nikamuuliza walikaa wapi, nani alifunga mkanda, paa lilikuwaje. Alinyamaza kidogo, akasema, “Subiri dada, nimuulize askari aliyekuwepo.” Habari yangu ikaongezeka mistari miwili, na mhariri akaiacha.

Siti ya nyuma iko barazani kwa mama. Fundi wa mageti aliitengenezea miguu ya chuma, akavisugua viungo vyake vikawa laini kabisa. Jioni mama hukaa hapo akichambua mchele, na mgeni akija anamwambia akae upande wa kulia, kwa sababu springi za kushoto zilishachoka zamani.